Fomu ya Bunduki Iliyorudishwa Kwa Vonza

Wasomaji wetu watukufu watatuwia radhi kwa kuwatoa pwani wiki hii na kuwapeleka bara, katika nchi ya Wakamba, mahali paitwapo Kwa Vonza. Wazazi wengi wa huku kwetu walilisikia jina hilo mara ya kwanza siku watoto wao walipoitwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho makao yake makuu yako hapo, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Sisi tulilijua kabla ya hapo, kwani ami yetu alihamia huko zamani kwa biashara ya mbuzi, na biashara ikamweka.

Tulishuka Kibwezi, tukashika njia ya Mutomo hadi Kitui mjini, kisha tukageukia magharibi. Ulikuwa ni msimu wa pojo, ambazo wenyeji huziita ndengu, na magunia yalikuwa yamepangwa kando ya barabara yakingoja lori. Ami tulimkuta amekaa barazani, maana hata bara alijijengea baraza, na mapajani ana bahasha ya kaki. Tulipomwamkia alitikia, kisha akatupa bahasha kabla ya kutupa maji.

Ndani mlikuwa na fomu ya kuomba cheti cha kumiliki silaha. Ami alitaka bunduki ya marisau. Kwa muda wa misimu miwili mbuzi wake walikuwa wakipungua. Mara fisi, mara watu wa pikipiki wajao usiku na kuondoka na wanne watano kabla ya mbwa wa jirani kubweka. Aliomba kama sheria inavyotaka, na fomu ikarudishwa. Jina la tatu lilikuwa limezungushiwa duara kwa wino mwekundu.

"Wasema jina silo," akatwambia. "Miaka sabini naitwa hivi, leo silo."

Jina lenyewe ni la babu yake. Kitambulisho chaandika Mohamed, cheti cha mwenendo mwema chaandika Muhammad, na kijana wa saiba aliyemjazia fomu aliandika Mohammed, kwa kuwa ndivyo linavyoandikwa jina la rafiki yake. Kwa sikio letu ni mtu mmoja. Kwa karani anayelinganisha karatasi tatu ni watu watatu, na hatuwezi kumlaumu, kwani kazi yake ni kuhakikisha kwamba alama za vidole, kitambulisho na fomu ni za mwanadamu yule yule. Sisi watu wa pwani tuna msiba huu wa majina. Baba aandikwa Omar, mwanawe Omari, na mjukuu Umar, na hakuna anayejali mpaka siku ya pasipoti, ya Hija, au ya mirathi. Dawa yake ni kunakili kama kitambulisho kilivyo, herufi kwa herufi, hata kama kitambulisho chenyewe kimekosea, na hilo kosa la kitambulisho kulirekebisha kwa njia yake.

Jina lingesahihishwa kwa dakika moja. Lakini tulipokuwa tukiisoma fomu yote toka juu, ndipo tukayaona mengine ambayo wino mwekundu haukuyagusa.

Penye sababu ya kutaka silaha palikuwa pameandikwa maneno mawili: kuwinda fisi. Hapo tulicheka, na ami akacheka nasi, hata tulipomweleza kwa nini. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na marufuku hayo hayajaondolewa. Fisi, kwa uchafu wake wote, ni mnyamapori aliye chini ya ulinzi wa serikali. Mtu aandikaye kwamba ataka bunduki ili awinde, amekiri kosa kabla ya kulitenda, tena kwa maandishi na sahihi. Ami hakuwa na nia hiyo. Alichotaka ni kulinda zizi lake na nyumba yake dhidi ya wezi wenye mapanga, na hiyo ni sababu ambayo mtu aweza kuieleza mbele ya polisi bila ya haya. Kijana wa saiba alifupisha tu. Na kuhusu mbuzi walioliwa, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yatambua fidia kwa mifugo iuawayo na wanyama kama fisi. Yahitaji kuripotiwa mapema, na ami hakuwahi kuripoti hata mmoja.

Sheria inayohusika na silaha zenyewe ni Sura ya 114, iliyozaliwa katika miaka ya mwanzo ya Hamsini, wakati mkoloni alipokuwa katika Hali ya Hatari na hofu ya kila bunduki isiyokuwa mkononi mwake. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, na mwaka 2014 ndipo utoaji wa vyeti ulipowekwa chini ya bodi maalumu. Msingi wake ni ule ule: hapana raia awezaye kununua wala kukaa na silaha bila ya cheti, na mwombaji hana budi kuonyesha sababu njema, awe mtu wa akili timamu asiyezama katika ulevi, na asiwe hatari kwa amani ya watu. Mwishoni mwa mwaka 2018, chini ya Waziri Fred Matiang'i, raia wote wenye silaha waliamriwa wahakikiwe upya, na wako waliokuwa na vyeti vya miaka mingi ambao walijikuta wakianza tena kujieleza kama wageni.

Swali lililotushughulisha usiku ule lilikuwa karibu na mwisho wa fomu. Je, mwombaji amewahi kupatikana na hatia mahakamani? Jawabu lililoandikwa ni hapana.

Ami aliliangalia kwa muda. Kisha akasema kwamba zamani, alipokuwa angali kijana Mombasa, alikamatwa na askari wa manispaa kwa kuuza bidhaa barabarani bila ya leseni. Alipelekwa kortini, akakiri, akalipa faini, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Kijana alipomwuliza kama amewahi kufungwa, yeye alijibu hapana, na kweli hakufungwa. Lakini fomu haikuuliza juu ya kifungo. Iliuliza juu ya hatia, na mtu akikiri kosa mbele ya hakimu na akatozwa faini, huyo amepatikana na hatia, hata ikiwa faini yenyewe ni ya bei ya kanga.

Hapo binamu yetu, mwana wa ami, ambaye ni kijana msomi na mwenye kumpenda babake, akasema, "Baba, wao wamerudisha kwa sababu ya jina tu. Tengeneza jina. Hilo jingine hawakuliona, na kesi ya miaka hamsini nani ataifukua? Ukiandika, utajinyima bunduki kwa mkono wako."

Twakiri kwamba maneno yake yalituingia. Mbuzi ni riziki ya nyumba ile, na wezi walikuwa wamekuja wiki mbili kabla ya sisi kufika. Mtu angeweza kusema kwamba faini ya mchuuzi haina uhusiano na uaminifu wa mzee wa miaka sabini. Lakini Sheria ya Silaha yatofautisha mambo mawili ambayo binamu aliyachanganya. Kosa aliloliweka kwa adhabu ni la mtu kutoa maelezo ambayo ajua kuwa ni ya uongo ili apate cheti. Kujua ndiko kunakoleta hatia. Mpaka magharibi ya siku ile ami alikuwa amekosea, kwa kutofahamu neno. Baada ya isha, alipokwisha kufahamu, jawabu lile lile, kwa wino ule ule, lingekuwa uongo lau angelitia sahihi tena.

Ami hakutaka hotuba. Aliuliza jambo moja: nani aliyeandika fomu hii? Akajibiwa kwamba ni kijana wa saiba. "Na sahihi ya nani?" Yake. Basi akatukumbusha ile aya ya mia mbili themanini na mbili ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani na ambayo yote yahusu maandishi ya deni. Humo mwandishi huandika, lakini mwenye kubeba haki ndiye asemaye la kuandikwa. Yeye alikuwa ameyageuza: alimwachia mwandishi aseme, naye akaweka dole gumba.

Asubuhi alituma fomu mpya iletwe. Alikaa barazani akisema, na binamu akiandika. Jina likanakiliwa kutoka kitambulishoni. Sababu ikaandikwa kwa sentensi tatu kamili. Penye swali la hatia ikaandikwa ndiyo, pamoja na mji, kosa na faini. Mwaka wenyewe ulimpotea, mpaka mkewe alipokwenda chumbani akatoka na kasha la bati, na chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto ikapatikana stakabadhi ya faini, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameihifadhi muda wote huo kwa kuwa ilikuwa na mhuri wa serikali, na karatasi yenye mhuri hatupi.

Tulimweleza pia yatakayofuata iwapo ombi litakubaliwa. Cheti hutaja aina na idadi ya silaha na kiasi cha risasi alichoruhusiwa mtu, hivyo nambari iliyochongwa kwenye chuma yafaa isomwe kwa miwani na mchana, kwani sifuri na herufi O hufanana, na moja na herufi I ni pacha. Hufanywa upya kila mwaka. Na jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii: cheti ni cha mtu mmoja kwa jina lake. Mwenyewe akifariki, bunduki haikai uvunguni ikingoja mirathi ipite kwa Kadhi. Mjane au mwana akiishika bila ya cheti chake mwenyewe, amekwisha kuingia katika kosa. Yapelekwe kituo cha polisi mapema, yeye na karatasi zake, mengine yafuate baadaye. Mke wa ami alisikiliza haya kwa makini kuliko mumewe.

Fomu ilipelekwa Kitui siku ya Jumanne, na mpaka tunaandika haya jawabu halijaja. Zizi limezungushiwa miba mipya hadi kifuani, na binamu hulala nje akiwa na tochi. Stakabadhi ya faini imetolewa nakala mbili. Ya asili imerudi katika kasha la bati.