Rangi ya Mbao Haitazami Saa

Meza mpya inapokamilika katika karakana za Keko, Dar es Salaam, swali la mwisho la mteja ni lilelile: imekauka? Fundi anaigusa kwa ncha ya kidole, kidole hakinati, meza inaviringishwa nailoni na kupandishwa kwenye kigari cha Kirikuu. Nailoni inapofunguliwa nyumbani, juu ya meza pamechapika mikunjo yake yote, na pale kamba ilipokaza pana mfereji. Mteja anamlaumu fundi, fundi anailaumu vanishi. Vanishi ilikuwa nzima. Ilikuwa imefika hatua ya kutonata tu, na kutoka hapo hadi ikomae kabisa kuna siku nyingi. Kwa baadhi ya vanishi za mafuta, hata mwezi mzima.

Makosa mengi katika kazi hii hutokana na kudhani kwamba kila kinachopakwa juu ya mbao hukauka kama nguo kwenye kamba, majimaji yakishatoka basi. Zipo bidhaa zinazokauka hivyo kweli. Shelaki, ile gamu itokanayo na mdudu wa India na kuyeyushwa kwa spiriti, hukauka kwa spiriti kuruka. Laka ya selulosi inayopulizwa kwa mashine hukauka kwa thina kuruka. Kinachobaki juu ya mbao ni kitu kilekile kilichokuwa ndani ya kopo, na ukikirudishia spiriti au thina yake kitayeyuka tena hata baada ya miaka. Ndiyo maana mkono wa pili wa laka hulainisha wa kwanza kidogo, ikashikana ikawa tabaka moja.

Vanishi ya mafuta ina safari nyingine. Tapentaini au kiyeyusho kingine kilichomo huruka katika saa za mwanzo, lakini hapo kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni kutoka hewani, na oksijeni hiyo huziunganisha molekuli za mafuta, moja kwa nyingine, hadi zikawa wavu mgumu usioyeyuka tena. Ukipaka mafuta ya kitani matupu juu ya kioo na kukipima, baada ya siku kadhaa kitakuwa kizito kuliko siku ya kwanza, na mafuta hayo yanaweza kuongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 10. Ni jambo la kushangaza hadi mtu akumbuke oksijeni. Watengenezaji huongeza chumvi za kobalti na manganizi ili kuharakisha mwendo huo. Bila chumvi hizo mafuta ya kitani mabichi huchukua siku nyingi, pengine wiki, kukakamaa.

Kutokana na hilo, kanuni ya mikono myembamba si urembo wa mafundi wa zamani. Oksijeni huingilia juu. Tabaka likiwa nene, uso wake hukakamaa kwanza na kuwa ngozi, na ngozi hiyo huifungia njia hewa iliyopaswa kushuka chini. Uso unaendelea kutanuka, chini bado ni laini, na matokeo yake ni makunyanzi yanayorudi hata yakifutwa na kupakwa upya kwa brashi ileile iliyojaa. Fundi anayepaka mikono mitatu myembamba kwa siku tatu humaliza kabla ya yule anayepaka mkono mmoja mzito, kwa sababu huyu wa pili atalazimika kukwangua na kuanza upya.

Kabla ya vanishi, hata hivyo, kuna rangi ya mbao yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi bila kujua. Mahitaji ya rangi hii yamekua kadiri mbao ngumu zilivyopanda bei. Paini ya mashamba ya Sao Hill, Mufindi, ni nyepesi, inapatikana, na ina weupe ambao wateja wengi hawautaki sebuleni. Wanataka wekundu wa mninga au wa mkangazi. Kwa hiyo paini hupakwa rangi ili ifanane na mti uliochukua miaka mingi zaidi kukua. Hakuna ubaya katika hilo ikiwa mteja ameambiwa mbao yake ni ipi.

Rangi ya mbao hutiwa kwa njia mbili. Ipo inayoyeyuka kabisa, ambayo huzama ndani ya nyuzi na kuzipaka bila kuficha mistari yake. Na ipo yenye chembechembe za udongo wa rangi, kama oksidi ya chuma, ambazo hukaa kwenye vinyweleo na mikwaruzo ya msasa, zikashikwa na mafuta kidogo au gundi iliyochanganywa humo. Nyingi zinazouzwa madukani zina zote mbili. Utaratibu wake ni kupaka, kusubiri dakika chache, kisha kufuta kwa kitambaa kikavu kila kisichoingia ndani ya mbao. Kufuta ndiyo nusu ya kazi. Rangi iliyoachwa juu haina mahali pa kushika. Gundi yake ni kidogo mno kujitengenezea tabaka imara, na vanishi itakayopakwa juu yake itabanduka pamoja nayo siku moja, kwa vipande, kuanzia pembeni.

Je, mkono wa pili wa rangi unaongeza weusi? Unaongeza, ila kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Mkono wa kwanza umeshaziba sehemu kubwa ya vinyweleo, kwa hiyo wa pili hupata nafasi finyu, na wa tatu hupata finyu zaidi. Anayetaka weusi wa kweli ni heri achague rangi iliyokolea tangu mwanzo, au asiusugue ubao hadi ukawa kama kioo. Msasa wa namba 150 huacha mikwaruzo midogo inayoshika chembechembe. Wa namba 320 huifuta mikwaruzo hiyo, na rangi hukosa pa kukaa. Upande wa kichwa cha ubao, ambako nyuzi zimekatwa wazi, hunywa kuliko upande wa ubavu na hutoka mweusi. Huko ndiko kunakofaa msasa laini zaidi. Paini ina tabia yake ya ziada: hunywa kwa mabaka, mahali sana na mahali kidogo, kwa hiyo ipakwe kwanza shelaki iliyozimuliwa sana ili unywaji usawazike.

Kati ya mkono na mkono, rangi ya mafuta kwa kawaida inahitaji kama saa 24, na ya maji saa mbili hadi nne. Hizi ni namba za kwenye kopo. Makopo mengi huandikwa kwa kukisia joto la nyuzi 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, na hali hiyo ya pili ni nadra kabisa pwani. Asubuhi za Masika, unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hupita asilimia 80, na rangi ya maji haina pa kupeleka maji yake. Nairobi ina shida tofauti. Jiji liko juu ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 12. Kwa makadirio ya kawaida ya kemia, kila joto linaposhuka nyuzi 10 mwendo wa kukakamaa hupungua kwa nusu hivi. Saa 24 za kopo, katika karakana ya wazi ya Gikomba wakati wa baridi, zinaweza kuwa siku mbili au zaidi.

Mbao nayo ina unyevu wake, unaofuata wa hewa. Hewa ikikaa kwenye asilimia 50, mbao hutulia karibu na asilimia 9 ya maji. Hewa ikifika asilimia 80, mbao hupanda hadi karibu 16. Ubao uliotoka shambani juzi una zaidi ya hapo, na hakuna hesabu ya saa inayoweza kuikomboa vanishi iliyopakwa juu yake.

Siku za mvua laka huonyesha kasoro inayowatisha wateja: uso unageuka mweupe kama ukungu. Thina inaporuka kwa kasi huupoza uso, mvuke wa hewani ukageuka maji juu yake na kunaswa ndani ya tabaka. Mafundi wazoefu huongeza thina inayoruka polepole ili uso usipoe ghafla, au huahirisha kazi hadi mchana. Jua kali pia si dawa. Ubao uliopakwa juani hupata joto, hewa iliyomo vinyweleoni hutanuka na kusukuma vipovu kupitia vanishi mbichi, na vipovu hivyo hukakamaa hapohapo. Kivulini penye upepo mwepesi ndipo mahali pake.

Lakini kisa kinachostahili kujulikana kuliko vyote ni cha mvule. Mti huu umetengeneza milango, madirisha na samani kote Afrika Mashariki, na sifa yake ni kwamba mchwa na kuvu huuogopa. Sababu mojawapo ni kemikali iitwayo kloroforini, ambayo mti huihifadhi ndani ya kiini chake. Kemikali hiyohiyo huzuia oksijeni kufanya kazi yake kwenye mafuta. Vanishi ya mafuta iliyopakwa moja kwa moja juu ya mvule mpya inaweza kubaki ikinata kwa siku nyingi, kopo liwe limesema nini, huku ubao wa paini uliopakwa siku ileile kwa brashi ileile umeshakauka. Msaji una mafuta yake yenye kuleta usumbufu wa namna hiyo, na mpingo pamoja na jamaa zake vilevile. Anayeongeza mkono wa pili juu ya wa kwanza unaonata, akitumaini utaukausha, anaongeza tatizo tu.

Tiba yake ni rahisi. Ubao wa mvule au msaji ufutwe kwa thina au asetoni muda mfupi kabla ya kupakwa, ili mafuta ya juu yaondoke, kisha upakwe shelaki isiyo na nta. Shelaki haihitaji oksijeni. Spiriti ikiruka imekauka, juu ya mti wowote, na inakuwa ukuta kati ya kemikali za mvule na vanishi itakayofuata.

Wajapani wana mfano unaokamilisha picha hii. Utomvu wao wa kupaka vyombo, urushi, hukakamaa kwa msaada wa kimeng'enya kinachohitaji unyevu. Vyombo vilivyopakwa huwekwa ndani ya kabati lenye hewa ya unyevu wa asilimia 70 hadi 85, na katika hewa kavu tabaka hubaki bichi. Hali ya Masika inayomkwamisha mpaka vanishi wa Mombasa ingemfaa sana fundi wa urushi. Kabla ya kuuliza ni saa ngapi, basi, mtu anapaswa kujua kilichomo ndani ya kopo kinakauka kwa njia gani.

Kwa kupima, kidole hakitoshi. Kwa rangi, kitambaa cheupe kikisuguliwa juu ya ubao kisitoke na rangi. Kwa vanishi, msasa wa namba 320 ndio shahidi bora: ukitoa unga mweupe mkavu, tabaka liko tayari kwa mkono unaofuata, ukijaa vibonge vyenye kunata, lisubiri. Harufu nayo husema. Pua ikiwekwa karibu na ubao ikakuta tapentaini, kiyeyusho bado kinatoka. Na kusugua huko kati ya mikono kuna kazi mbili, kwani vanishi ya mafuta iliyokakamaa haiyeyushwi na mkono unaoifuata kama laka. Inahitaji mikwaruzo midogo ya kushikia. Kupuliza laka juu ya vanishi ya mafuta ambayo haijakomaa ni kosa la gharama, kwa sababu thina huivamia ikainuka na kujikunja ubao mzima.

Jambo la mwisho linahusu matambara ya kufutia. Oksijeni inapoungana na mafuta hutoa joto. Juu ya ubao joto hilo hupotea hewani bila mtu kulihisi. Ndani ya lundo la matambara hukaa, likaongezeka, hadi matambara yakawaka yenyewe pasipo kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, moto ulizuka ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, kutokana na matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na waliokuwa wakirudishia mng'aro mbao za ukutani. Jengo la ghorofa 38 liliwaka kwa zaidi ya saa 18, wazimamoto watatu wakafa, na moto ulikoma ghorofa ya 30, palipokuwa na vinyunyizio vya maji. Karakana nyingi za Keko na Gikomba zina maranda hadi magotini. Matambara yenye mafuta yatandazwe nje moja moja, mbali na maranda, hadi yakakamae, au yatumbukizwe kwenye kopo la maji lenye kifuniko jioni ileile, kabla fundi hajafunga mlango.