Mali Bila Daftari: Funzo la Gari Kuukuu

Ukipita katika maegesho ya shule na vyuo vyetu, utaona kwamba magari mengi ya walimu ni ya makamo, na mengine ni makongwe kabisa. Si ajabu. Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515, gari lililotumika huruhusiwa kuingizwa nchini Kenya madhali halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo gari ambalo mwalimu huliita jipya siku ya kulipokea Mombasa aghalabu huwa limekwisha kuhudumu miaka saba hivi ugenini. Atalitumia miaka kumi, kisha atamuuzia mwenzake, naye atalitumia mpaka lichoke.

Likiharibika husemwa kwamba kilomita zimelimaliza. Mimi nina rai tofauti. Kilomita haziui gari kwa wepesi tunaoudhania. Magari mengi huuawa na mambo mawili: historia isiyoandikwa na maelezo yasiyo sahihi. Rai hii sikuipata vitabuni. Niliinunua, tena kwa bei ghali.

Mnamo Agosti 2016 nilikuwa nikirejea Nairobi kutoka Narok pamoja na mke wangu na watoto watatu, katika Toyota Corolla iliyoundwa mwaka wa 1998. Geji ilionyesha zaidi ya kilomita 210,000. Kwa muda wa majuma matatu nilikuwa nikiongeza maji katika rejeta kila asubuhi, na sikujiuliza maji hayo yalikuwa yakienda wapi. Nilikuwa nimempelekea fundi mmoja gari hilo nikamwambia maneno mawili tu: "Gari linachemka." Naye, kwa kuwa sikumpa zaidi ya hayo, aling'oa thamostati, akaitupa, akaniambia niende salama.

Tulipoanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, mshale wa joto ulianza kupanda nasi. Jua lilikuwa likitua na watoto walikuwa na njaa, nikaamua kujikaza hadi tufike juu. Hatukufika. Mvuke ulifoka kutoka chini ya boneti, injini ikazima, nasi tukakaa kando ya barabara gizani, malori yakitupita kwa kishindo. Sijapata kuogopa kama usiku ule.

Gasketi ya kichwa cha silinda ilikuwa imeungua na kichwa chenyewe kimepinda. Chanzo cha yote kilikuwa ufa mdogo katika mpira wa kupitishia maji, kitu cha bei ndogo sana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wangu ulimeza karo ya muhula wa tatu ya watoto wawili, na ilinibidi nikope katika chama chetu cha ushirika.

Fundi wa pili, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, aliniuliza maswali kabla hajashika spana. "Mwalimu, maji yalikuwa yakipungua kiasi gani kwa juma? Yalipungua gari likiwa limesimama au likienda? Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?" Sikuwa na jibu hata moja. Akatabasamu, akasema: "Wanafunzi wako wote una maksi zao. Za gari hili ziko wapi?"

Hebu tutazame kilichotokea. Katika injini za aina ile, bloku ni ya chuma na kichwa cha silinda ni cha aluminiamu. Aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma inapopata joto, na joto likipita kiasi kichwa hupinda na gasketi hushindwa kuziba. Tena sisi wa nyanda za juu tuna hasara ya ziada. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaohifadhi shinikizo ili maji yasichemke mapema. Springi yake ikilegea, au mpira ukivuja, shinikizo hupotea na maji huchemka kabla ya wakati wake. Nayo thamostati haikuwa na hatia. Kazi yake ni kuiwezesha injini kufikia joto linalofaa upesi na kubaki hapo. Ukiing'oa, injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hunywa petroli zaidi na kulika haraka, na uvujaji hubaki pale pale.

Tangu siku ile nina daftari la kurasa 96, la aina wanayotumia wanafunzi wa shule za msingi. Kila ninapobadilisha oili, naandika tarehe na kilomita. Huibadilisha pamoja na chujio lake kila baada ya kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi una ukurasa wake, kwani katika injini kama yangu hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, nao haupigi kelele kabla ya kukatika. Mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, kwa sababu hufyonza unyevu hewani, na unyevu huo hugeuka mvuke breki zikipata moto mteremkoni. Kila Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, hutazama maji na kijiti cha oili na kuandika kilichopungua. Msomaji anayenunua gari la mkono wa tatu asiyajue hayo yote, na ayahesabu kuwa hayajafanywa, aanze upya.

Daftari hufaa pia katika kupanga matumizi, maana mshahara wa mwalimu hautoshi kutengeneza kila kitu kwa mwezi mmoja. Mimi hutanguliza vinavyolinda roho: breki, magurudumu na usukani. Hapo tusisahau kwamba tairi huzeeka hata likiwa na meno. Tazama tarakimu nne za mwisho za alama yake ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Hufuata vinavyolinda injini: oili, maji na mikanda. Rangi, redio na viti hungoja. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu huufuata mpangilio huu kinyumenyume.

Silaha ya pili ni lugha, na hapa walimu na wanafunzi wa Kiswahili hatuna udhuru. Tunafundisha tanakali za sauti darasani, kisha tukifika gereji tunasema tu kwamba gari "linalia". Linaliaje? Likikwaruza kwaru kwaru unapokanyaga breki, yamkini pedi zimekwisha na chuma kinakula chuma. Likigonga ko-ko-ko unapokata kona, shuku viungo vya ekseli za mbele. Likivuma vuuu, na mvumo ukaongezeka kadiri ya kasi, tazama beringi za magurudumu. Moshi nao una sarufi yake: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji yameingia ndani ya silinda. Mweleze fundi sauti, mahali, kasi, na kama injini ilikuwa baridi au moto. Usimtajie ugonjwa usioujua, mpe dalili.

Ni desturi yetu kuwalaumu mafundi wa jua kali kwamba hubahatisha. Wapo wabahatishaji, sikatai. Lakini mtu aliyeambiwa maneno mawili atafanya nini isipokuwa kubahatisha? Daktari hamtibu mgonjwa asiyetaka kusema panapomuuma. Nikimkumbuka yule fundi wa kwanza, nakiri kwamba nusu ya kosa ilikuwa yangu.

Je, gari kuukuu litunzwe milele? Hasha. Kutu ikila mihimili ya bodi, au matengenezo ya mwaka mmoja yakikaribia bei ya gari lenyewe, ni vyema kuagana nalo. Lakini utajuaje kama hukuandika? Wengi huuza gari kwa hasira ya siku moja, wakachukua mkopo wa miaka minne kununua jingine lisilo na historia. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Corolla ile imepita kilomita 340,000 na bado hutupeleka Narok. Tukifika Mai Mahiu binti yangu mkubwa, ambaye usiku ule alikuwa na umri wa miaka tisa, hutazama mshale wa joto kabla yangu. Daftari pia ndiye anayeliandika siku hizi. Mali bila daftari, walisema wazee wa pwani, hupotea bila habari.