Picha Zilizotupwa: Jinsi Sinema za Katuni Zinavyosahihishwa

Anayetazama sinema ya katuni huona hadithi ikitiririka kana kwamba ilitungwa hivyo tangu mwanzo. Kumbe nyuma yake mna wahusika waliofutwa, matukio yaliyokatwa, na pengine kazi ya miezi mingi ambayo hakuna mtazamaji aliyepata kuiona. Kwa nini watu watupe jasho lao wenyewe?

Tuanze na hesabu. Sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, nalo jicho huona mwendo mmoja usiokatika. Sinema ya Snow White and the Seven Dwarfs, iliyotolewa na Walt Disney huko Marekani mwaka 1937, huchukua dakika 83. Zidisha 24 kwa 60, kisha kwa 83: utapata picha 119,520. Wakati huo mchoro ulichorwa kwanza kwa penseli, ukanakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu, ukapakwa rangi, ndipo ukapigwa picha. Ni dhahiri kwamba kosa la hadithi likigunduliwa mwishoni, hasara yake ni kubwa mno.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1930 wachoraji wa Disney walizoea kubandika ubaoni michoro midogo ya haraka iliyoeleza hadithi hatua kwa hatua. Mchoro usiofaa ulibanduliwa, mwingine ukawekwa mahali pake. Baadaye michoro ya namna hiyo hupigwa picha na kuunganishwa pamoja, ikawa sinema ghafi ambayo watengenezaji huitazama na kuihukumu.

Hata hivyo, si kila kosa lilionekana mapema. Katika Snow White, mchoraji Ward Kimball alitumia miezi mingi akichora vibete saba wakinywa supu. Michoro ya penseli ilikamilika, tena ilichekesha. Disney aliiondoa. Tukio lenyewe halikuwa baya, bali lilichelewesha hadithi.

Mambo yalikuwa mazito zaidi katika Pinocchio. Mwaka 1938 Disney alisimamisha kazi baada ya miezi kadhaa ya uchoraji. Kikaragosi wa mti aliyechorwa mwanzoni alikuwa mkavu na mkorofi, kama alivyo katika kitabu cha Mwitalia Carlo Collodi, wala hakuvuta huruma. Milt Kahl akamchora upya, akamkaribisha zaidi na umbo la mtoto wa kweli. Naye nyenje, ambaye katika kitabu huuawa mapema kwa nyundo, akapewa kazi kubwa ya kuwa mshauri wake. Sinema ilitolewa mwaka 1940.

Huenda msomaji akadhani kwamba kompyuta iliondoa shida hii. La. Toy Story ya kampuni ya Pixar, iliyotolewa mwaka 1995, ndiyo sinema ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Tarehe 19 Novemba 1993, sinema yake ghafi ilionyeshwa kwa wakuu wa kampuni ya Disney. Mwanasesere Woody alikuwa mkali na mwenye kejeli, hata akamsukuma mwenzake Buzz nje ya dirisha kwa makusudi. Kazi ikasimamishwa. Watungaji wakaandika upya: Woody akawa kiongozi mwema anayeingiwa na wivu, na Buzz akaanguka kwa ajali ambayo Woody hakuikusudia. Kompyuta zilikokotoa mwanga na vivuli. Hazikuweza kuwaambia kama mtazamaji angempenda Woody.

Mwanafunzi wa sayansi atatambua njia hii. Wazo ni dhana, sinema ghafi ni jaribio, nayo dhana iliyoshindwa huachwa hata kama mwenyewe aliipenda. Busara ni kujaribu wakati ambapo kosa bado ni rahisi kusahihishwa.

Mwalimu aweza kuthibitisha jambo hili darasani. Wanafunzi wachore hadithi fupi kwa michoro 12 isiyo na maneno, waibandike ukutani, kisha wamwombe mwenzao asiyeijua aisimulie. Pale atakapokwama, wasimweleze kitu. Wabandue mchoro huo, wachore mwingine.