Reli iliyojengwa chini ya nyumba kwa miaka 20

MWAKA wa 1953, mpiga picha John Allen alianza kujenga reli ndogo katika chumba cha chini ya nyumba yake mjini Monterey, jimbo la California, Marekani. Kila kitu kilipunguzwa mara 87, hivi kwamba behewa la mita 17.4 liligeuka la sentimita 20.

Wengi wenye uraibu huo walitandaza reli zao juu ya meza. Allen aliinua milima ya plasta kutoka sakafuni hadi karibu na dari, akapitisha treni mahandakini na juu ya madaraja, kisha akaficha vioo ili chumba kionekane kipana zaidi. Mabehewa aliyapaka rangi ya kutu na vumbi, kwani treni ya kweli haing'ai daima. Mzaha nao haukukosa: kazi ya kupanga mabehewa aliwahi kumpa dinosaria!

Lakini milima iliyoshikamana na nyumba haihamishiki. Allen alifariki Januari 1973, kazi ikikaribia kukamilika. Siku chache baadaye, moto uliteketeza sehemu kubwa ya reli hiyo. Wajenzi wa leo huichunguza kupitia picha alizopiga mwenyewe.