Usaili wa Usanifu wa Mifumo: Anza na Swali Dogo

Mhandisi wa programu anayeomba kazi katika kampuni kubwa ya teknolojia hukutana na usaili usio na jibu moja. Huambiwa asanifu mfumo mzima, tuseme wa kutuma ujumbe kwa mamilioni ya watu, na mara nyingi hupewa muda usiofika saa moja. Wengi hujiandaa kwa kukariri michoro ya mifumo yenye majina makubwa. Hapo ndipo juhudi nyingi hupotea, kwa sababu mfumo mgumu huwa ni mwepesi ulioongezewa tatizo moja au mawili. Ni heri kujiandaa kwa ngazi, kutoka swali jepesi hadi gumu.

Chukua huduma ya kufupisha anwani za tovuti, kama TinyURL iliyoanza mwaka 2002. Herufi ndogo 26, kubwa 26 na tarakimu 10 ni alama 62, na msimbo wa alama saba hutoa michanganyiko zaidi ya trilioni 3.5. Anwani huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi mno, kwa hiyo zile zinazotafutwa sana huwekewa nakala kwenye kumbukumbu ya haraka ili hifadhidata isilemewe. Aliyeelewa hilo ataielewa Twitter, ambayo leo huitwa X. Huko nako kusoma kulizidi kuandika, hivyo chapisho lilinakiliwa mapema katika orodha ya kila mfuasi. Lakini mtu mwenye wafuasi milioni 30 akiandika neno moja, zinahitajika nakala milioni 30 papo hapo! Wahandisi wakawatenga watu wa namna hiyo, machapisho yao yakawa yanachanganywa na mengine pale tu msomaji anapofungua ukurasa. Anayekariri suluhisho hilo bila kujua chanzo chake atakwama kwa swali la pili la msaili.

Kutuma pesa kwa simu kuje baadaye, ingawa tumekuzoea tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007. Chapisho likichelewa, hakuna anayeumia. Pesa zikikatwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika na mteja akabonyeza tena, kuna familia itakayokosa kodi ya nyumba. Kwa hiyo kila ombi lipewe namba yake ya pekee, ili likirudiwa litambulike.

Watakuwapo wa kusema kwamba msaili hafuati ngazi. Ni kweli, ila swali gumu hujibiwa kwa kulivunja vipande, na vipande vyenyewe ndivyo hayo maswali mepesi. Hoja nzito zaidi ni kuwa ugumu haufanani kwa wote: aliyefanya kazi benki huenda akaona miamala ni rahisi kuliko Twitter. Huyo na abadili mpangilio, mradi aupange kwa matatizo, si kwa umaarufu, na asivuke swali kabla hajaweza kueleza, bila kutazama mchoro, ni sehemu gani itakayozidiwa kwanza watumiaji wakiongezeka mara kumi.