Jinsi Aina Moja Igeukavyo Mbili

Kila mmoja wetu ajua kuwa punda akipandishwa kwa farasi huzaliwa nyumbu, na nyumbu kwa kawaida hana kizazi. Hapo ndipo ulipo mpaka wa aina mbili za wanyama. Lakini mpaka huo huanzaje? Jawabu moja limeonekana bara, katika wilaya ya Rungwe.

Katika nchi hiyo ya Wanyakyusa, yenye Tukuyu, Matwebe na Masoko, liko ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano. Ni Ziwa Masoko, na upana wake ni kama mita 700 tu. Ndani yake wamo samaki wadogo wa jamii ya perege. Madume wa karibu na ukingo ni manjano. Wa kilindini ni buluu iliyoiva. Hata vichwa, miili na vyakula vyao hutofautiana.

Mwaka 2015 Milan Malinsky na wenzake, akiwamo Benjamin Ngatunga, walitangaza walichokipata kwa kusoma urithi wa samaki 146. Waliona sehemu 98 zilizoachana sana, na baadhi yake zahusu kuona katika mwanga hafifu. Tena tofauti hizo hufuatana na namna samaki wachaguavyo wenzi wao.

Basi ziwani hamna ukuta. Kinachowatenga ni chakula, kina cha maji, na hiari ya kuoana. Bado hawajaachana kabisa. Lakini wakidumu hivyo vizazi vingi, damu mbili zitakuwa mbali, wasiweze tena kuchanganyika.

Kwetu visiwani, ukuta ni bahari. Popo wa Pemba hapatikani penginepo duniani, wala bundi mdogo wa Pemba, ambaye huishi hata katika mashamba ya mikarafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hao walikuwa wamebaki wachache kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa misitu. Walipolindwa, wakaongezeka, na leo wageni huenda Kidike kuwatazama.

Kwa hiyo, mwanachama anayesafisha shamba afikiri kabla ya kuangusha mti mkubwa wa asili. Mkarafuu ukifa, twapanda mche mwingine. Aina ya mnyama ikipotea, hapana kitalu cha kuirudisha.