Amplifaya ya zamani na sabufa mpya: kuunga au kuachana nayo?

Mwenye amplifaya ya zamani sebuleni anayekwenda Karatu mjini na kurudi na sabufa, au spika zenye mashine ndani, hufika nyumbani na swali moja: hivi viwili vinaungwaje? Jibu liko nyuma ya amplifaya. Matundu yaliyopo pale ndiyo yanayoamua kama utatoa elfu chache za waya, utanunua kifaa cha ziada, au utaunguza kitu ulichotoka kukilipia.

Sabufa ina amplifaya yake ndani. Inachosubiri kwenye tundu lake la RCA ni mawimbi madogo, kwa kawaida karibu volti 0.3, kisha inayakuza yenyewe. Waya wa spika unaotoka kwenye amplifaya umeshabeba sauti iliyokuzwa: wati 50 kwenye spika ya omu 8 ni volti 20, zaidi ya mara 60 ya kile sabufa inachotarajia. Kwa hiyo kuchuna waya wa spika na kuusokota kwenye ncha za RCA si ufundi. Siku ya kwanza sauti itakwaruza, na siku ukiongeza sauti sakiti ya kuingizia inaweza kwenda na moshi.

Njia ya kwanza: kuiacha amplifaya. Kama unachosikiliza ni simu, televisheni au king'amuzi, chomeka moja kwa moja kwenye sabufa. Gharama ni waya tu, au hakuna kabisa kama sabufa ina bluetooth. Ubora wa sauti haupungui, kwa sababu mashine inayosukuma spika ni ileile ya ndani.

Njia ya pili: amplifaya yenye matundu ya kutolea. Tafuta maandishi PRE OUT au REC OUT. Kwenye mashine za enzi za kaseti hili la pili huandikwa TAPE OUT. Hapa waya wa RCA wenye ncha nyekundu na nyeupe unatosha. Tofauti ni hii: PRE OUT inafuata kitufe cha sauti cha amplifaya, hivyo rimoti yako inaendelea kufanya kazi. REC OUT haikifuati. Sauti utaipandisha na kuishusha kwenye sabufa yenyewe. Kama hakuna hata moja, tundu la hedifoni linafaa, mradi uanze na sauti ya chini kabisa. Njia hii ina maana kwa mwenye santuri, deki ya kaseti na CD anayetaka kuchagua vyote kwa kitufe kimoja.

Njia ya tatu: amplifaya yenye vituo vya spika tu. Hapo unahitaji konvata, kile kiboksi ambacho mafundi wa redio za gari hukitumia pale redio isipokuwa na matundu ya RCA. Kinaushusha umeme wa spika hadi kiwango cha sabufa. Kina bei kubwa kuliko waya, na kina sharti. Kabla ya kukifunga, zima amplifaya, chomoa waya zote, kisha fundi aweke mita kwenye hasi ya kushoto na hasi ya kulia. Zikionyesha kuungana, konvata ya kawaida inafaa. Zisipoungana, huenda kila upande una mashine mbili zinazosukumana, na kuziunganisha hasi hizo kupitia RCA kunaweza kuiua amplifaya. Dai konvata yenye transfoma, au rudi njia ya kwanza.

Njia ya nne: spika zisizo na mashine. Kama amplifaya yako ni nzima na ina nguvu, jozi ya spika za kawaida za omu 8, hata zilizotumika, inaweza kukufaa kuliko sabufa. Unalipia maboksi na koni tu. Mashine unayo tayari.

Sasa umeme. Tuseme amplifaya inakula wati 40, sabufa wati 30, na muziki unalia saa nne kwa siku. Sabufa peke yake ni uniti 3.6 kwa mwezi. Zote mbili ni uniti 8.4. Kwa bei ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, ya Sh 292 kwa uniti iliyowekwa mwaka 2016, ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA, uniti moja inafika takriban Sh 356. Hiyo ni kama Sh 1,280 dhidi ya Sh 2,990. Kwa mwenye TANESCO mjini, tofauti ya Sh 1,700 kwa mwezi inavumilika.

Kwa anayetegemea sola kule vijijini, Endulen au Nainokanoka, hesabu ni nyingine. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 50, ina Wh 600, na si vizuri kuishusha chini ya nusu. Sabufa yenye tundu la DC 12V itapiga kama saa kumi. Ukiongeza amplifaya ya 220V lazima uwe na inveta, nayo inakula sehemu yake. Muziki utakatika kabla ya saa nne kutimia.

Dukani, usibebwe na wati za PMPO zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Tazama kibati cha nyuma kinachoonyesha umeme unaoingia: mashine inayovuta wati 40 haiwezi kutoa 5,000. Omba ijaribiwe ukiwa hapo, kwa RCA na si bluetooth pekee. Kwa kitu kilichotumika, zungusha kitufe cha sauti taratibu. Vumbi jekundu la Karatu hupenya humo, na kitufe kikikwaruza, punguza bei kwa kiasi cha kukisafisha au kukibadilisha.

Ukishaunga na kusikia mngurumo, chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja na tumia waya mfupi. Usikate waya wa ethi ili kuunyamazisha. Ule ni ulinzi wako.

Kwa nyumba nyingi, basi, sabufa peke yake inatosha. Amplifaya yenye PRE OUT au REC OUT ibaki kama una vyombo vingi vya kuunga. Isiyo nayo, bei ya konvata ilinganishe kwanza na bei ya spika za kawaida.